Magadi chini ya leza

Nairobi tunayajua magadi kwa kulainisha maharage. Mimi yananivuta kwa sababu nyingine: fuwele moja ya trona, madini yanayotanda juu ya Ziwa Magadi, imebeba kaboneti na bikaboneti kwa pamoja. Hapo Raman, njia ya kutambua madini kwa mwanga wa leza, haina mpinzani.

Tuseme umeletewa unga mweupe kutoka ziwani. Ukiupima kwa asidi utapata kiasi cha kaboneti na cha bikaboneti. Lakini je, ni trona, au ni chumvi mbili zilizokaukia mahali pamoja? Ukishauyeyusha, ushahidi umekwisha.

Raman haiyeyushi kitu. Unaumulika unga kwa leza ya rangi moja; karibu mwanga wote hurudi vilevile, ila fotoni chache mno hurudi zimepungukiwa nishati, kwa kuwa zimetetemesha atomi. C. V. Raman alilitangaza jambo hilo huko Kolkata mwaka 1928.

Katika kaboneti, mtetemo unaoonekana zaidi ni wa oksijeni tatu kutanuka na kunywea pamoja kuizunguka kaboni. Kwenye mchoro wa nishati iliyopungua, kila mtetemo huonekana kama kilele. Kwenye kalisaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu, kilele cha mtetemo huo kiko 1086 (namba zote za vilele hapa ni mawimbi kwa sentimita, kipimo cha nishati iliyopungua). Kaboneti kavu ya sodiamu hutoa 1080 hivi, bikaboneti 1046. Trona je? Kilele kimoja kikali, karibu na 1062. Fomula inataja anioni (ioni hasi) mbili, kaboneti na bikaboneti, lakini haidrojeni haikushikwa na moja tu. Iko katikati ya kaboneti mbili zinazoigawana kwa kifungo kifupi sana. Kwa hiyo ukiona 1046 na 1080 bila 1062, hiyo si trona, hata asidi ikisema nini.

Anza na leza ya nguvu ndogo. Joto hufukuza maji na kaboni dioksidi, ukabaki unapima kaboneti uliyoitengeneza mwenyewe.

Jihadhari pia na magadi mekundu. Wekundu ni wa vijidudu vinavyostawi kwenye chumvi, na karotenoidi zao, yaani rangi zao za asili, hutoa vilele karibu na 1005, 1155 na 1515. Hicho cha 1005 kinapakana na 1008 ya jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, na mwenye haraka ataandika salfeti. Tazama 1515 kwanza. Isitoshe, kwenye maji yenye kaboneti nyingi hivyo, kalsiamu ya kuunda jasi haibaki.

Kloridi ya sodiamu na floridi yake, ambazo pia zimo Magadi, hazitoi kilele cha kawaida cha Raman kabisa. Ulinganifu wa fuwele zake hauruhusu. Hizo zitafute kwa eksirei.