Mzee Anapoletwa Hospitalini, Ameletwa na Nani?

Malalamiko yanayohusu wazee katika dawati la ustawi wa jamii la hospitali yetu hapa Uganda yameongezeka, na mengi hayahusu daktari wala dawa. Yanahusu jamaa: mtoto aliyeishikilia kadi ya malipo ya mama yake, ndugu wanaobishana wodini ni nani atakayelala na mgonjwa, mjukuu wa shule ya msingi aliyetumwa kumleta jajja wake ilhali hajui anameza vidonge gani. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kueleza kwa nini wahudumu wa afya huuliza habari za nyumbani, na familia inatarajiwa kufanya nini.

Wapo wanaoyachukulia maswali hayo kuwa umbea. Lakini mzee mwenye presha isiyoshuka huenda anagawana vidonge na dada yake, au vilimwishia zamani akaona haya kumwomba mkwewe nauli ya kuvifuata. Daktari asipolijua hilo, ataona dawa imeshindwa na ataongeza dozi. Siku dawa zitakapopatikana, mwili ambao haukuwa umepata hata dozi ya kwanza utapokea dozi kubwa, presha itashuka kupita kiasi, na mzee ataanguka akienda chooni usiku. Familia itasema ameangushwa na uzee.

Ni kweli kwamba ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Hata hivyo nauli ya bodaboda haikufutwa, wala chakula cha mgonjwa na mwuguzaji wake, wala dawa inayonunuliwa dukani pale stoo ya kituo inapokuwa tupu. Gharama hizo hulipwa na mtu fulani katika ukoo, na mtu huyo, hata bila kukusudia, ndiye huamua mzee arudi kliniki lini.

Upweke nao ni jambo la kitabibu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka duniani. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na miongoni mwake yamo kutengwa na watu, kutosikia vizuri na upungufu wa macho usiotibiwa. Tunataja hayo kwa sababu bado tunaambiwa kwamba sisi Waganda hatuna wazee wapweke, kwa kuwa nyumba zetu zimejaa watu. Mzee asiyesikia, aliyewekewa sahani yake chumba cha nyuma huku wengine wakicheka sebuleni, ni mpweke ndani ya nyumba ya watu kumi. Masikio yake yapimwe. Mara nyingine kinachohitajika ni kutolewa nta tu.

Tofauti moja izingatiwe sana. Kusahau kunakoongezeka taratibu kwa miaka huchunguzwa kliniki, lakini kuchanganyikiwa kulikoanza juzi ni dharura, kwani huenda kumeletwa na malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au dawa zenyewe. Kumpeleka mzee wa namna hiyo kwanza kwa mpiga ramli, kisha kwenye maombi, kisha kwetu siku ya tano, ni kupoteza siku ambazo angetibiwa.

Tunaomba mzee asindikizwe na mtu anayeishi naye, mwenye dawa zote mkononi, zikiwemo za mitishamba. Baada ya hapo msindikizaji amwache mzee ajibu. Mhudumu akimwomba msindikizaji asubiri nje, hajamtukana. Mzee ana haki ya faragha na ya kukubali au kukataa matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote, na wapo wasioweza kutaja maumivu ya kinena, wala kuomba kupimwa VVU, mbele ya mtoto waliyemzaa.

Kuhusu pesa za SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, shilingi 25,000 kwa mwezi ni mali ya mzee mwenyewe. Asiyeweza kufika kwenye malipo huandikisha mpokeaji mbadala kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na mpokeaji huyo hupokea kwa niaba yake, hapokei kwa ajili ya madeni yake binafsi. Umri unaozingatiwa ili mzee apate pesa hizo ni ule ulioandikwa katika kitambulisho cha taifa. Ukiwa na kosa, marekebisho hufanywa NIRA, mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili. Hospitali haina uwezo wa kumwongezea mtu miaka, na tunasikitika kwamba ombi hilo linaendelea kuletwa.

Kumnyima mzee pesa zake, chakula au matibabu kunaweza kuangukia chini ya Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, ambayo haiishii kwa mume na mke. Shauri hupelekwa kwenye mahakama ya baraza la mtaa (LC) ya mahali anapoishi mlalamikaji au mlalamikiwa, ambayo inaweza kutoa onyo, kuamuru fidia au kazi za jamii, au kutoza faini isiyozidi vipimo 25 vya sarafu, yaani shilingi 500,000, kwa kuwa kipimo kimoja ni shilingi 20,000. Anayerudia kosa, au anayeelekea kumdhuru mzee zaidi, hupelekwa polisi na kwa hakimu, ambako adhabu hufikia vipimo 48, yaani shilingi 960,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Si lazima mzee atembee mwenyewe hadi kwa mwenyekiti wa LC. Jirani au mhudumu wa afya wa kijiji anayejua yanayotendeka anaweza kutoa taarifa. Mzee aliyeumizwa aletwe kwanza atibiwe. Habari za nani alimuumiza tutamuuliza yeye mwenyewe, akiwa peke yake.