Kusomea filamu si kusomea kamera

Vijana wengi wa Mtwara wanaotamani kusomea filamu na mawasiliano ya video katika chuo cha ubunifu, kama National Institute of Design cha Ahmedabad, India, kilichoanzishwa mwaka 1961, huamini kwamba huko hufundishwa kushika kamera tu, na kwamba asiye na kamera ya bei ghali hana nafasi. Sivyo. Kamera hufundishwa, lakini kazi kubwa ni kuamua nani anaambiwa, anaambiwa nini, na kwa mpangilio gani wa picha na sauti.

Mtazame mama anayebangua korosho Mikindani. Ukianza na vidole vyake vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda, ndipo uonyeshe uso wake, mtazamaji atauliza afya yake. Ukianza na gunia lililojaa, atauliza bei. Picha ni zilezile, maana imegeuka, na uamuzi huo hufanyika kwenye karatasi kabla ya kurekodi, kisha wakati wa kuhariri. Sauti nayo, ambayo wengi huidharau (jambo linalonisikitisha sana), husimulia: ganda likipasuka, hata kabla mkono haujaonekana, tayari tumeijua kazi.

Anayejiandaa kuomba nafasi aanze na daftari: achore kwa picha sita abiria wakishuka kwenye kivuko cha Msangamkuu, kisha abadilishe mpangilio wake.