Madoido yakizidi: gaudy, tawdry au tacky?

Kazi yangu ni kutafsiri matangazo ya nyumba na hoteli, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kamusi hupanga maneno ya Kiingereza ya kulaumu madoido, gaudy, garish, ostentatious, tawdry na tacky, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe kila moja lina lawama yake.

Chukua sebule yenye dari ya jipsamu iliyozungushiwa taa za zambarau, mapazia yenye vishada vinavyometameta, na maua ya plastiki yaliyopuliziwa rangi ya dhahabu. Taa ni garish, maana zinaumiza macho. Sebule nzima, kwa rangi na mbwembwe zake, ni gaudy. Maua ni tacky, yaani ya bei chee na yasiyo na ladha. Mwenye nyumba akikutajia bei ya mapazia kabla hujakaa, hapo tumefika kwenye ostentatious: kosa ni kujionyesha, hata kama kitu chenyewe ni kizuri. Ukumbi wa kasri la Versailles, Ufaransa, wenye vioo 357 ni ostentatious bila ubishi, ila tacky sithubutu kuuita.

Tawdry ndilo lenye kisa. Etheldreda, kwa jina la mkato Audrey, alikuwa malkia aliyegeuka mtawa akaanzisha monasteri ya Ely, Uingereza, mwaka 673. Alifariki 679 akiwa na uvimbe shingoni, na Bede, mtawa mwanahistoria wa Uingereza, anasimulia kwamba mwenyewe aliuhesabu kuwa malipo ya mikufu aliyovaa ujanani. Karne nyingi baadaye, kwenye gulio la sikukuu yake, wachuuzi waliuza tepe za hariri za kuvaa shingoni, Saint Audrey's lace. Ulimi ukayameza maneno, ikabaki tawdry lace. Bidhaa ikazidi kuwa duni, jina nalo likashuka nayo. Ndiyo maana tawdry ina harufu ya ung'avu wa bei chee, na siku hizi hata kashfa ya mapenzi huitwa hivyo.

Tacky nalo lilianza kusini mwa Marekani, likimaanisha farasi dhaifu, kisha likahamia kwa watu maskini. Ni tusi la kitabaka, hata kama msemaji hajui. Kitsch, neno la Wajerumani kwa mapambo ya bei chee yasiyo na ladha, ni pole zaidi: wapo wanaonunua sanamu za vibwengo vya bustani makusudi, wakicheka.

Mteja akiwa mwenye nyumba mwenyewe, mimi huandika a bit much, yaani imezidi kidogo. Mwingereza ataelewa.