Kampuni kupungua sokoni si uchumi kudorora
Wengi huamini kwamba idadi ya kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ikishuka, basi uchumi wa nchi umedorora. Sivyo. Marekani ilikuwa na kampuni zaidi ya 8,000 sokoni mwaka 1996. Miongo miwili baadaye zilibaki karibu nusu, ilhali thamani ya hisa ilikuwa imepanda mno. Zilikwenda wapi? Nyingi zilinunuliwa na wenzao: kampuni mbili zikiungana, hesabu hupungua moja hata kama hakuna kiwanda kilichofungwa.

Kulinganisha nchi kunataka uangalifu zaidi. India ina maelfu ya kampuni sokoni, nyingi ndogo sana, na kampuni ileile huweza kuwa kwenye masoko mawili makubwa ya hisa ya Mumbai, BSE na NSE. Ukijumlisha orodha hizo, umeihesabu mara mbili.