Kikuku hakina tabia

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea kikuku cha mkewe, fedha 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha tupu. "Fundi, yeyusha tu, nifanyie pete." Nikamuuliza kulikoni. Wenzake kijiweni wamemwambia mwanamke mwenye kikuku ni mhuni, na kikiwa mguu wa kushoto ndiyo basi tena. Miaka yote ya usonara wangu nimeyasikia haya, na yamenichosha.

Mguu upi? Nikimpima mteja kikuku, kwanza namuuliza viatu anavyovaa, maana mnyororo ukisugua mkanda wa kiatu, pingili hulika mpaka zikakatika. Wengi huchagua mguu kwa sababu hiyo tu. Na Kiswahili kilikuwa na majina ya pambo hili kabla ya vijiwe hivi: mtali, furungu. Wanawake wa pwani walivaa mafurungu mazito ya fedha, wakiwa watu na heshima zao. Kihindi huitwa payal, na bibi harusi huvishwa vya fedha. Dhahabu Wahindu wengi hawaiweki miguuni, kwa kuwa ni ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema. Sasa huo uhuni umeingilia wapi?

Hali kadhalika mwanamume mwenye pete ya fedha mnamwita mnyenyekevu. Kama ni Mwislamu, dhahabu kaharamishiwa. Mama mwenye bangili sita zenye muhuri wa 916 mnasema ana majivuno. Hizo ni dhahabu ya karati 22, ndiyo benki yake. Ada ya shule ikikaba, moja itafika kwenye mizani yangu. Na fedha ikiwa nyeusi ni salfa, kemikali ya hewani na jashoni, si husuda.

Hata hivyo siwezi kuapa kwamba mapambo hayasemi kitu. Wapo wateja wachache wanaotaka mguu wa kushoto makusudi, wakijua yanayosemwa. Na yupo dada aliyeniletea pete ileile nyembamba kuungwa mara nne. Nikajiaminisha kwamba ni mbahili. Kumbe ni ya marehemu mama yake. Tangu hapo, nikianza kumsoma mtu kwa kidole chake, najitilia shaka.

Kijana nilimrudishia kikuku chake. Mapambo ya mke ni mali ya mke. Akitaka kiyeyushwe, aje mwenyewe aniambie.

Mke alikuja Jumamosi. Alitaka nikiongezee njuga mbili.