Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe

Ingia materinite yoyote hapa Bukavu, iwe Kadutu, Bagira au Ibanda, uombe rejista ya uzazi, kisha usome safu ya damu iliyomtoka mama, kwa mililita. Mara nyingi utakuta 200, 200, 250, 200, 150, 200. Miili ya wanawake haifanani hivyo. Namba za namna hiyo zimekisiwa mwisho wa zamu na mkunga aliyekuwa na akina mama wengine wawili wakilia kwa uchungu chumba cha pili, na vikwembe vilivyolowa vilikuwa vimeshatiwa ndani ya beseni.

Mimi ni daktari wa uzazi, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufuatilia ubora wa huduma. Wenzangu huniuliza ni dawa gani mpya tuitafute ili hemoraji baada ya kuzaa, yaani kutokwa damu kupita kiasi, isiendelee kutuulia akina mama. Huwa nawajibu kwamba dawa zenye nguvu tunazo tayari. Tunachokosa ni kujua, dakika ileile, kwamba mama huyu sasa anazihitaji.

Jicho halifai kwa kazi hii, hata jicho la mkunga wa miaka ishirini. Damu nyingine imenywewa na kitambaa, nyingine iko sakafuni, nyingine imegeuka mabonge, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi. Tena kadiri damu inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo jicho linavyozidi kuipunguza, na hapo ndipo kosa linapogharimu maisha. Mwili wa mama nao husaidia kutuficha. Mwanamke kijana anaweza kupoteza damu nyingi presha yake ikiwa bado nzuri. Mapigo ya moyo ndiyo hupanda kwanza. Ndiyo maana nawahimiza wakunga wagawanye mapigo ya dakika moja kwa namba ya juu ya presha. Jibu likifika 0.9, mama yuko hatarini hata kama anazungumza na kutabasamu.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliozaa kwa njia ya kawaida. Hospitali ziligawanywa kwa kura. Pande zote mbili mama aliwekewa mfuko wa plastiki chini ya matako baada ya mtoto kutoka, damu ikaingia humo. Upande mmoja mfuko ulikuwa na mistari ya kipimo, na mkunga aliisoma palepale. Upande wa pili mfuko haukuwa na mistari. Damu ilipimwa baadaye kwa ajili ya watafiti, na huduma iliendelea kama ilivyozoeleka. Wakunga wa upande wa mistari walifundishwa pia wasingoje kuona dawa moja imeshindwa ndipo wajaribu nyingine. Damu ikifika mililita 500, au ikipita 300 na mama ana dalili mbaya, wanakanda tumbo la uzazi, wanatoa oksitosini ya kukaza tumbo hilo, wanatoa asidi ya traneksamiki ya kulinda damu iliyoganda, wanafungua maji ya mshipani, wanachunguza chanzo na kuita msaada, vyote kwa pamoja.

Upande wa mistari, kati ya kila akina mama 100 waliopata hemoraji, 93 waligunduliwa. Upande wa pili waligunduliwa 51. Matibabu yote kwa pamoja yalitolewa kwa 91 katika kila 100, na upande wa pili kwa 19. Waliofikia hali mbaya kabisa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa 1.6% badala ya 4.3%.

Soma tena ile 51. Karibu nusu ya akina mama waliokuwa wakivuja kupita kiasi hawakuonwa, na walikuwa hospitalini, mkunga aliyesomea kazi yake akiwa mlemle chumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Mwishoni mwa 2023 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilipendekeza damu ipimwe hivyo kwa kila mama anayezaa kwa njia ya kawaida.

Wako wanaosema kwamba utafiti ni mambo ya nchi zenye amani. Nawakumbusha Beni na Butembo. Kuanzia Novemba 2018, Ebola ikiwaka na risasi zikilia, Wakongomani na wenzao walilinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Moja yao, ZMapp, ndiyo iliyokuwa kigezo cha kulinganishia, kwa kuwa ndiyo iliyoaminiwa. Nusu ya waliopewa hiyo walikufa. Kwa dawa mbili nyingine vifo vilikuwa karibu 35%. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi aliyoshiriki profesa wetu Jean-Jacques Muyembe. Bila kulinganisha, hakuna daktari ambaye angeijua tofauti hiyo kwa kumtazama mgonjwa.

Nirudi materinite. Katika E-MOTIVE, vifo vikihesabiwa peke yake, tofauti haikuwa ya uhakika, kwa sababu hata kati ya wanawake laki mbili vifo vya hemoraji vilikuwa vichache mno kulinganishwa. Basi materinite inayozalisha akina mama 80 kwa mwezi itajipimaje kwa vifo? Miezi sita bila kifo inaweza kuwa bahati tu. Kinachohesabika kila juma ni vitu viwili: akina mama wangapi kati ya waliozaa walipimwa damu, na kwa waliopita kiwango, dakika ngapi zilipita kabla ya dawa. Dakika hizo zina uzito wake. Uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 40,000, uliotoka 2018, ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza karibu sehemu ya kumi ya faida ya traneksamiki, na baada ya saa tatu faida imekwisha.

Chora kwenye karatasi ukutani, nukta moja kwa juma, na mstari wa kati. Nukta moja ikipanda au ikishuka, usimlaumu wala usimsifu mtu. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari ndizo zinazosema kwamba jambo limebadilika kweli.

Hapa nasema na wakubwa wetu wa maeneo ya afya. Materinite ikianza kupima, hemoraji katika ripoti itapanda, huenda maradufu. Akina mama hawajaanza kuvuja zaidi, wameanza kuonwa. Msimamizi akifika na kufoka, "Mama mkunga, mbona kwenu hemoraji imezidi hivi?", mwezi unaofuata atapata tena 200, 200, 250. Nimeona namba zikirudi hivyo, na zikisharudi ni vigumu sana kuzitoa tena.

Mifuko yenye mistari haipatikani kila mahali. Mizani ya jikoni inaweza kusaidia. Pima vikwembe vikiwa vikavu, vipime tena vikiwa vimelowa, tofauti ya gramu moja uihesabu kama mililita moja. Udhaifu wake ni kuchelewa, kwani mfuko unasomwa damu ikiwa inatoka, mizani inasubiri. Kwa hiyo pima kila dakika 15 saa ya kwanza, pamoja na mapigo na presha. Weka pia kipimajoto ndani ya friji ya oksitosini, kiandikwe asubuhi na jioni. Dawa hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu tunaujua.

Akina mama wanaoletwa kutoka Idjwi huvuka ziwa kwa saa kadhaa, na karatasi ya rufaa mara nyingi ina neno moja tu, "hemoraji". Wauguzi wenzangu wa kisiwani, andikeni mililita mlizopima, saa mtoto aliyotoka, na saa mliyotoa traneksamiki. Damu ikiendelea dakika 30 baada ya gramu ya kwanza, mama anastahili gramu ya pili, na daktari anayempokea gatini hawezi kujua anatoa ya ngapi kama saa haikuandikwa.