Mbwa anayeng'ata Mtwara ana mwenyewe

Mtoto aking'atwa na mbwa hapa Mtwara, simu huanza kuingia. Mmoja anataka mbwa wazururaji wapigwe risasi usiku huohuo. Mwingine, mara nyingi kijana anayefuatilia habari za nje, anauliza kwa nini tusipige marufuku mbwa wa kizungu kama Uingereza. Mimi ni daktari wa mifugo, na wote nawauliza swali moja: huyo mbwa ni wa nani?

Jibu huwa lipo, mtaa mzima unalijua. Ni wa jirani, wa mlinzi wa ghala la korosho, au wa mkulima anayemtegemea kufukuza nguruwe pori na ngedere shambani. Mchana anaachwa ajitafutie, ndiyo maana unamkuta jalalani au nyuma ya machinjio. Akishang'ata mtu, ghafla anakuwa hana mwenyewe.

Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1991, ikapiga marufuku aina nne, akiwemo pit bull terrier. Tangu 1 Februari 2024, huko England na Wales kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila cheti maalumu ni kosa. Ila sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho kwangu ndicho chenye uzito: mbwa wa aina yoyote akiwa hadhibitiki na akahatarisha watu, mwenyewe anashtakiwa. Mtu akifa, kifungo kinaweza kufika miaka 14. Uholanzi waliamua kuachana na marufuku yao ya pit bull mwaka 2008, kwa kuwa watu waliendelea kung'atwa vilevile. Huku kwetu mbwa karibu wote ni wa kienyeji au chotara. Afisa gani atakaa chini ya mwembe akipima fuvu la chotara ili ajue kama ni wa aina iliyokatazwa?

Ukali mwingi tunautengeneza wenyewe. Nawakuta mbwa wamefungwa kwenye mkorosho kwa kamba fupi hata kulala vizuri hawawezi. Udongo umechimbika duara, shingo imenyonyoka manyoya na kufanya kidonda. Mwenyewe anakwambia anamfundisha ukali. Na kweli anafaulu, ila siku kamba ikikatika anayekutana naye ni mtoto aliyetumwa dukani, ambaye uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Wachache wanajua ipo.

Kuhusu risasi sina maneno mengi. Jalala likibaki palepale, mbwa wengine watahamia. Kichaa cha mbwa kinakatwa na chanjo: wakichanjwa 70% ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Lindi na Mtwara zilikuwemo kwenye mradi wa Serikali na Shirika la Afya Duniani ulioanza 2010, kwa hiyo kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji si jambo geni kwetu.

Sheria ndogo ninayoitaka ni fupi. Kila mbwa aandikishwe kwa mtendaji, awe na kola na kadi ya chanjo ya kila mwaka. Wa ulinzi akae bandani mchana, afunguliwe usiku geti likiwa limefungwa. Kibao cha "Mbwa mkali" kisimkinge mwenyewe. Mimi nakiona kama ushahidi kwamba alijua. Mbwa aking'ata, mwenyewe alipe nauli na matibabu, na mbwa awekwe chini ya uangalizi siku 10.

Hapo kwenye uangalizi ndipo tunapoharibu. Watu wanampiga mbwa hadi kichwa kinapondeka. Mbwa ambaye tayari ana virusi vya kichaa kwenye mate ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, wasiwasi umekwisha. Akifa, kipimo kinachukuliwa kwenye ubongo, na ukishapondwa maabara haina cha kupima. Majeruhi lakini asisubiri hizo siku 10. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna.

Serikali ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya huziidhinisha. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa walau kila miezi mitatu. Ajenda ya mbwa iingizwe kabla ya Oktoba, maana msimu wa korosho ukianza kila ghala linatafuta mlinzi, na mlinzi anakuja na mbwa wake.